Unaendeleaje na Goti?

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mafua yaliyonisumbua mwezi mzima yamekwisha, na bado ninaishi chumba kile kile juu ya duka la fundi kufuli, kwa hiyo kila asubuhi ninaamshwa na mashine ya kuchonga funguo. Ofisini mzee wa meza ya dirishani amestaafu, meza yake nimerithi mimi pamoja na kiti kinachozunguka. Mpe Mama shikamoo yangu.

Habari zako nimezipata kwa Shangazi, si kwako. Anasema ulikwenda kwake ukasimama muda wote wa mazungumzo, ukakataa kiti, kwa sababu ukishakaa huinuki mpaka ushikwe mkono. Kwangu uliandika "goti linasumbua kidogo." Dada, kidogo yako naijua.

Sasa nisikilize. Tumeletewa karatasi za utafiti wa hospitali tuzitafsiri. Wanajaribu taa ya leza, ile yenye nguvu ndogo, isiyochoma wala kukata, kwa watu ambao gegedu la goti limelika. Gegedu ni ile nyama ngumu inayokaa kati ya mfupa na mfupa ili isisagane. Lako umelimaliza kwa kupiga magoti kwenye saruji ukipanga vigae miaka ishirini na sita. Wanakumulika goti mara tatu kwa wiki, kwa wiki kumi na mbili. Hospitali zitakazojaribu ni nne, na moja ni hiyo hiyo ya mwisho wa barabara yenu, ambayo ukumbi wake wa kusubiri uliupiga vigae wewe mwenyewe. Nilipoona jina lake nilinyanyuka nikaizunguka meza.

Karatasi zote zimepita mkononi mwangu: maelezo, kibali cha mgonjwa, fomu ya maswali. Nimejitahidi ziwe na heshima, mtu asijione yuko kituo cha polisi. Nenda ukajiandikishe kabla nafasi hazijajaa, nakuomba sana.

Nikipata likizo nitakuja. Kwa sasa kazi zimenibana.

Mdogo wako


26 Februari

Kamusi wetu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama anakula, analala, na maneno yake ya upande mmoja wa mdomo hutoka vizuri zaidi asubuhi. Jana kasema "dirisha," nikafungua. Kasema "hapana," nikafunga. Kasema "hapana" tena, kwa hasira sasa, kumbe alitaka pazia. Tulicheka mpaka nikamfuta machozi. Shangazi yuko salama na mdomo wake uko salama zaidi, kama ulivyoona.

Nakuomba usinipigie simu kuulizia goti. Andika tu. Chumba chetu unakijua, ni kimoja, na kile kiharusi kilimchukulia Mama mkono na mguu lakini masikio kilimwachia mazima. Yeye anajua mimi sina hata mafua. Ataendelea kujua hivyo.

Haya, nimekwenda. Daktari wa mifupa kaiweka picha ya goti langu kwenye mwanga, akasema nafasi iliyobaki kati ya mfupa na mfupa haipiti ukucha. Kanitia kwenye orodha ya kubadilishiwa goti, ni wa kumi na tisa. Wakati nasubiri, nimulikwe hiyo taa yenu. Masharti ni kwamba leza ikinisaidia ninatoka kwenye orodha, nafasi apewe mwingine, isiponisaidia ninabaki. Halafu nusu yetu tutamulikwa taa ya kweli na nusu taa ya bandia, na hata nesi hajui ipi ni ipi. Hapo ulitafsiri vizuri: nilielewa mara moja na nikakasirika mara moja.

Nikwambie kinachoninyima usingizi, kisha tusikirudie. Mama ninamnyanyua mara sita kwa siku. Kitandani hadi kitini, kitini hadi msalani, na kurudi. Magoti ndiyo yanayofanya kazi hiyo, mikono inashika tu. Mratibu wa ustawi wa jamii ameshakuja mara mbili, kakaa kwenye ukingo wa kitanda na karatasi yake, anaulizia "uwezo wa mlezi." Akiandika sina uwezo, Mama anapelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wasio na watu. Mama si mtu asiye na watu.

Kwa hiyo ama taa iniponye, ama nikatwe nibadilishiwe. La tatu silijui.

Dada


19 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimemwambia fundi kufuli, ambaye hata hakujui. Mimi sijambo. Kiti kinachozunguka kimevunjika mguu, nimerudi kwenye cha kawaida.

Orodha isikutie hofu. Utapona kabla zamu yako haijafika. Niandikie kila kitu, nesi anasemaje, taa ikoje. Ninatamani kujua maneno yangu yanasikikaje yakitoka mdomoni mwa mtu.

Mama namkumbuka sana.

Mdogo wako


11 Aprili

Kamusi,

Marahaba. Huku wazima. Mama kaongezeka uzito kidogo, jambo ambalo lingenifurahisha zaidi kama nisingekuwa mimi ninayembeba. Nimemaliza bafu mbili za mwenye nyumba ya ghorofa, nikifanya kazi nimekalia ndoo kwa sababu kupiga goti sasa ni kufa kupona. Vigae vimenyooka lakini mgongo umepinda.

Umetaka kila kitu. Haya. Chumba ni kile kilichokuwa stoo ya mashuka, nimekigundua kwa vigae, maana kona moja niliikata vibaya na hakuna aliyewahi kuiona ila mimi. Unalala, unavuliwa soksi, unavalishwa miwani myeusi kama mcheza filamu. Nesi wa utafiti ni binti mdogo, mpole, ana sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Anakushikia kifaa chenye umbo la sabuni ndefu, anagusa sehemu nane kulizunguka goti, kila sehemu dakika moja. Taa nyekundu. Haina joto, haina sauti, haina kitu. Ninalala pale nikiwaza kama niliyopewa ni ya kweli. Mwanzoni nilikuwa nikimtazama nesi usoni nione kama ananionea huruma. Bure, naye hajui.

Wiki ya tatu nilidhani kuna kitu. Nilishuka ngazi zetu zote bila kushika ukuta, nikasimama chini nikilia kama mjinga. Wiki ya nne likarudi, na likarudi na hasira. Sasa hivi nikimweka Mama kitini inabidi nigeukie ukutani kwanza, nikunje uso, nikunjue, ndipo nimgeukie.

Ila swali lako ni zuri, sikufichi. Kila nikifika nesi anashika fomu, ananiuliza, "Unaendeleaje na goti, mama?" Swali la mtu aliyelelewa! Nami namjibu kama mtu aliyelelewa: "Afadhali, mwanangu, tunashukuru." Anatabasamu, anatia alama yake, tunaanza. Wote pale tunajibu hivyo. Yuko mzee mmoja dereva wa lori mstaafu, anaingia anaburuta mguu kama gogo, akiulizwa naye anasema afadhali. Umetuletea adabu hospitalini.

Nimechoka, mdogo wangu. Nasema na wewe kwa sababu huku sina wa kumwambia.

Dada


20 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Samehe kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi na nilipatwa na kichwa cha siku kadhaa. Sasa sijambo. Fundi kufuli amepata mjukuu, jengo zima tumeonjeshwa keki. Mama hajambo? Mratibu amerudi tena?

Kuna jambo dogo tu kuhusu ile fomu. Nesi akikuuliza usijibu haraka. Fikiria kwanza goti lenyewe, kisha umwambie linavyouma hasa. Mwambie kwa kirefu. Ukiweza usitumie lile neno "afadhali," tumia jingine. Na yule mzee dereva mwambie vivyo hivyo, kama mnazungumza.

Si kitu kikubwa. Ni kwa ajili ya usahihi tu, sisi watu wa maneno tuna wasiwasi wetu.

Mdogo wako akupendaye


8 Juni

Kamusi,

Marahaba. Tuko hivyo hivyo. Barua yako imefika siku mbili baada ya kumulikwa kwa mwisho, kwa hiyo mafunzo yako ya kulalamika nimeyapata shule imefungwa.

Lakini yamenikaa kooni. Unanitaka nilale pale, binti wa watu ananiuliza hali, nianze kumwaga maumivu yangu kama maji ya kufulia? Mtu akikuuliza unaendeleaje unajibu afadhali. Hata Baba, marehemu, asubuhi ya siku aliyotutoka, jirani alipochungulia mlangoni akamuuliza, alijibu afadhali. Ulikuwepo. Ulisimama pembeni yangu ukisikia.

Na huu woga wa kwenye barua yako ni wa nini? "Jambo dogo," "si kitu kikubwa," mara keki. Nakujua tangu unanyonya. Ukiwa umevunja kitu huwa unaanza kusifia kitu kingine.

Mratibu amekuja, ndiyo. Nilimnyanyua Mama mbele yake, nikatabasamu. Nusura nizimie. Matokeo ya utafiti wanasema mwisho wa mwezi. Taa haikunisaidia, hilo najua mwenyewe, kwa hiyo nitabaki kwenye orodha, na nimesikia tumeshasogea, huenda ni wa kumi na moja. Ninahesabu vichwa kama mtu aliyepanga foleni ya maji. Nikikatwa kabla ya mwisho wa mwaka, Shangazi amekubali kukaa na Mama wiki sita. Hapo nimeshika, na sina pengine pa kushika.

Dada


7 Julai

Wamenitoa kwenye orodha.

Barua ina mistari minne. Inasema mgonjwa amepata nafuu ya kuridhisha kwa muda wote wa matibabu na hahitaji upasuaji kwa sasa. Inanipongeza.

Nilikwenda mpaka dirishani, nikamwambia karani, mwanangu, nitazame, nimepandaje hizi ngazi zenu? Kafungua faili. Vikao thelathini na sita, akasema, na vyote umesema unaendelea vizuri. Nikamwambia sijawahi kusema vizuri. Kaniambia imeandikwa tatu. Tatu ya nini? Hakujua. Ameniambia nikitaka kurudi kwenye orodha naanza mwisho, na mwisho ni miaka miwili.

Jumamosi nimeanguka na Mama. Goti lilitoka chini yangu wakati namtoa msalani. Nilijigeuza, nikaangukia bega mimi, yeye kaniangukia juu. Hakuumia. Tulikaa sakafuni saa nzima na robo, mimi siwezi kuinuka, yeye hawezi kuinuka, mpaka jirani wa chini alipopita. Mama akiniuliza kwa macho, nami nikimwambia nimeteleza, vigae vina maji. Vigae vyangu mwenyewe nimevisingizia.

Mdogo wangu, maji yamenifika shingoni. Mratibu akisikia habari ya Jumamosi, basi. Wewe ndiye uliyeziandika hizo karatasi. Niambie tatu ni nini.


25 Julai

Dada,

Shikamoo. Sina habari za kutanguliza.

Tatu ni afadhali.

Fomu ilivyokuja kwetu ilikuwa na swali moja kavu: sasa hivi goti linakuuma kiasi gani, toka sifuri hadi kumi? Niliposoma nikamwona Mama, na mtu asiyemjua amemsimamia na kalamu, anamtaka ayataje maumivu yake kwa namba. Nikaona ni ukosefu wa adabu. Na tulipojaribu kulisoma mbele ya wazee watatu, mmoja alisema namba ni za sokoni. Basi nikaandika "Unaendeleaje na goti?" na mahali pa namba nikaweka majibu manne: sijambo ni sifuri, afadhali ni tatu, vilevile ni sita, taabani ni tisa. Nesi anasikia neno, anatia alama, namba inaingia yenyewe kwenye hesabu. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa na wajibu wa kuihakiki. Alisoma, akasema tamu hii, akatia saini. Nilisifiwa mbele ya ofisi nzima.

Wastani wa nne kushuka chini, mgonjwa ametoka kwenye orodha.

Nililitoa neno "kuuma" kwenye swali la maumivu, Dada. Nikauliza salamu. Na salamu ina jibu moja tu, kama ulivyoniandikia mwenyewe.

Barua yako ya Aprili niliipata tarehe 24. Ulikuwa unanisifu. Nilifika kwenye yule mzee dereva anayeburuta mguu, nikajua. Siku ile ile, nikiwa nimesimama ngazini sijavua hata koti. Na sikuandika. Nilijiambia labda taa inawasaidia kweli. Nilijiambia nikisema nitafukuzwa. Nilikaa nalo karibu wiki nne, kisha nikakuandikia vile vimaneno vya usahihi.

Sijui niombe msamaha kwa neno gani. Yote ninayoyajua yamenitoka.

Mdogo wako


9 Agosti

Ungeandika tarehe 24 ningeipata mapema Mei. Vikao kumi vilikuwa bado viko mbele yangu.

Usinieleze ulivyojisikia ngazini. Ngazi ninazijua mimi.

Nenda kawaambie. Si ofisi yako, hospitali. Waambie na habari ya yule mzee, naye wamempongeza. Nimemkuta nje ya geti amekaa juu ya ukuta na barua yake, ananiuliza kama "nafuu ya kuridhisha" ni jambo jema, maana hajui kama afurahi.

Sina salamu za kukupa. Za Mama hajakutumia kwa sababu sijamwambia kama nakuandikia.


14 Septemba

Dada,

Shikamoo, hata usipoitika.

Nilimwambia mkuu wa ofisi kwanza. Alinisikiliza, akafunga mlango, akaniletea karatasi nitie saini kwamba fomu ilihakikiwa kwa taratibu zote na haina tatizo. Sikutia. Nikamwandikia daktari mkuu wa utafiti moja kwa moja, nikaweka swali la mwanzo, swali langu, na barua yako ya Aprili, isipokuwa yale ya Mama. Siku ya tatu nilikuta meza yangu haina kitu. Kwa hiyo sasa sina kazi, ninamsaidia fundi kufuli kuandika vibandiko vya funguo.

Daktari alinipigia. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Alisema wagonjwa ni mia moja na kumi na wawili, na kwamba sasa hivi hakuna mtu duniani anayejua kama taa ile inafanya kazi au haifanyi, hata yeye. Inawezekana inasaidia. Inawezekana ni mwanga mwekundu tu. Miezi yote ile imekwenda na maji. Fomu za zamani hawawezi kuzibadilisha, lakini waliotolewa kwenye orodha watapigiwa simu mmoja mmoja na kuulizwa upya, kwa namba, kwa swali la mwanzo. Watakaosema saba na zaidi watarudishiwa nafasi zao. Simu ni moja tu, na orodha inafungwa mwisho wa mwezi. Usiikose. Na nakusihi usiwe na adabu.

Mara nne umeniuliza kwenye barua za miaka hii kwa nini siji, nami nikajibu kazi. Si kazi. Wiki ile ya kiharusi ulinituma nimnyanyue Mama, wewe ulikuwa unachemsha maji. Nilimshika kwapani. Akanitazama, akajaribu kuniambia kitu, mdomo ukaenda upande. Nikamlaza tena. Nikakudanganya kwamba amesinzia, nikasema nachelewa basi. Tangu siku hiyo nikisikia neno nyumbani mikono inaniisha nguvu. Naogopa, Dada, ndiyo yote. Sijawahi kumwambia mtu.

Mdogo wako


6 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba.

Walipiga Jumanne saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemkumbatia Mama katikati ya kitanda na kiti, mkono wake mzima umenizunguka shingo, uzito wote uko kwenye goti. Simu iko mezani. Nikajua ni Shangazi, huwa anapiga saa hizo, nikaibonyeza spika kwa kidole kimoja nimwambie asubiri. Sauti ya mwanamume ikajaza chumba. Akajitaja, daktari wa utafiti, akasema anauliza swali moja tu, nijibu kwa namba.

"Sifuri hadi kumi, mama. Dakika hii hii, goti linakuuma kiasi gani?"

Ningeweza kumwambia apige baadaye. Lakini uliandika simu ni moja, na mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili. Nilimtazama Mama. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi cha pumzi.

Nikasema tisa.

Akauliza, ukiwa umebeba uzito? Nikasema kumi. Akauliza, tangu lini? Nikasema miaka mitatu. Mama naye anajua kuhesabu. Miaka mitatu ni tangu alipoanza kubebwa. Kila nilichojibu nilisikia mkono wake unalegea shingoni mwangu, mpaka ukawa haunishiki kabisa, umening'inia tu, nami nikambeba kwa nguvu zangu peke yangu mpaka kitini. Daktari akasema asante sana, umetusaidia.

Nimerudishwa kwenye orodha. Ni wa sita, labda Machi. Yule mzee dereva pia. Alisema kumi kabla swali halijaisha.

Lakini Mama hanyanyuliki tena. Jioni ile nilipokwenda kumwamsha alishika chuma cha kitanda kwa ule mkono mzima, hakuachia. Nilidhani ni mchezo. Kesho yake hivyo hivyo. Ninamwekea chombo pale pale alipo, namgeuza kwa shuka, na hata shuka analipinga. Analisema neno moja, "goti," kisha anafumba macho. Nimemwambia limepona. Nimemwambia nilimdanganya daktari ili nipate nafasi. Nimeruka ruka mbele yake, mimi, mtu mzima, nikicheka, kisha nikaenda msalani kuuma taulo. Ananitazama tu. Miaka mitatu nilimwambia sijambo akaniamini, na sasa hakuna ninalosema linaloingia.

Leo ni siku ya tisa. Mgongoni ngozi imekuwa nyekundu, na sehemu moja imeanza kufunguka. Chakula anachukua vijiko viwili, anageuza uso, nadhani anataka awe mwepesi. Mratibu anakuja tarehe ishirini. Safari hii hatahitaji kuniuliza uwezo wangu, atafunua shuka mwenyewe.

Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakwambia kwa mdomo. Lakini sina mtu mwingine, na muda hakuna, kwa hiyo naandika kwa haraka na Shangazi atatuma kwa basi la leo. Njoo. Hiyo mikono yako njoo nayo hivyo hivyo ilivyo. Kwangu hatakubali tena mpaka nikatwe, na mpaka Machi atakuwa ameoza kitandani. Kwako atanyoosha mkono, kwa sababu wewe hajui unaumwa wapi.

Usimwambie.

Dada yako